Je, Wajua? Wageni Waliokuja na Magazeti

JE, WAJUA kwamba Tabora ilikuwa na mwandishi wa gazeti la New York mwaka 1871, miaka 41 kabla ya reli kufika? Alikuwa Henry Morton Stanley wa New York Herald, aliyetumwa kumtafuta Dakta Livingstone. Aliingia Unyanyembe mwezi Juni, akapewa tembe huko Kwihara, nje kidogo ya mji: kuta nene za udongo, paa bapa, mlango wa nakshi kama za Unguja. Humo ndimo alimoandikia barua yake ya kwanza kwa gazeti, mwanzoni mwa Julai.

Je, wajua barua hiyo ilisafiri vipi? Ilibebwa kwa miguu hadi pwani, ikavushwa kwa chombo mpaka Unguja, ikapita mikononi mwa balozi mdogo wa Marekani, Francis Webb, kisha ikapanda meli. Watu wa New York waliisoma mwishoni mwa Desemba. Zaidi ya miezi mitano kwa habari moja, na bado ilikuwa mpya kuliko yoyote waliyokuwa nayo kuhusu nchi hii.

Je, wajua kwamba Stanley hakuzaliwa Marekani? Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akapewa jina la John Rowlands, akavuka bahari akiwa kijana hadi New Orleans. Na gazeti lililomtuma lilianzishwa mwaka 1835 na mhamiaji mwingine, James Gordon Bennett, mzaliwa wa Uskoti. Mwanawe, aliyeitwa jina hilo hilo, ndiye aliyempa Stanley ile kazi. Habari iliyovuma kuliko zote zilizotoka Unyamwezi katika karne ya 19 iliandikwa na mgeni, kwa gazeti la mgeni.

Je, wajua kwamba mwandishi huyo alishika bunduki akiwa hapa? Agosti 1871 Stanley na watu wake waliungana na Waarabu wa Tabora kumshambulia Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Wakashindwa. Siku chache baadaye Mirambo akaingia Tabora, akachoma sehemu ya mji, na katika mapigano hayo akauawa Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu. Kwa maoni yangu, mwandishi akishapigana upande mmoja hawezi tena kuaminiwa kuusimulia upande wa pili. Wasomaji wa New York walimjua Mirambo kwa kalamu ya mtu aliyepigana naye. Mirambo alikuwa na jeshi, alikuwa na pembe za ndovu, njia kuu ya misafara ilifungwa na kufunguliwa kwa amri yake. Gazeti hakuwa nalo. Asiyekuwa na pa kuandika huandikwa na wengine, na wote nitakaowataja hapa chini walikuwa watu waliolielewa hilo mapema.

Wajua kwamba hata upande wetu wa kaskazini uliandikwa mapema? Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Tabora, ikiitwa Kaze wakati huo, akaelekea kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma. Mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa pale Mwanza. Mwaka 1859 simulizi yake ilikuwa tayari imechapwa katika jarida la Blackwood's la Edinburgh, na ziwa limeshapewa jina la malkia wa Uingereza, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao siku zote.

JE, WAJUA kwamba kesi mashuhuri kuliko zote za uhuru wa magazeti Marekani ilimhusu kijana wa Kijerumani aliyefika na meli ya wakimbizi? John Peter Zenger alizaliwa mwaka 1697 katika eneo la Pfalz. Mwaka 1710, akiwa na miaka 13, alishuka New York na mama yake na ndugu zake. Baba alikuwa amefia safarini. Akakabidhiwa kwa mpiga chapa William Bradford, amtumikie miaka minane ili ajifunze kazi.

Wajua kazi yenyewe ilikuwaje? Herufi ni vipande vidogo vya risasi, kila moja imelala kwenye kisanduku chake. Mpanga chapa anaziokota moja moja, anazisimamisha kinyume mstari kwa mstari, anazifunga ndani ya fremu, anazipaka wino kwa mipira ya ngozi, analaza karatasi yenye unyevu, kisha anavuta mkono wa mashine kwa nguvu za bega. Karatasi moja, mvuto mmoja. Zikiisha kuchapwa, anazirudisha zote kwenye visanduku vyake na kuanza upya. Kazi ya namna hiyo ilidumu, huko na huku kwetu, mpaka karne ya 20. Ukisikia gazeti la zamani lilitoka mara moja kwa wiki au kwa mwezi, usidhani wahariri walikuwa wavivu.

Je, wajua gazeti la Zenger lilikosea nini? Alilianzisha mwaka 1733, New-York Weekly Journal, na likawa sauti ya watu waliompinga gavana William Cosby. Novemba 1734 akatiwa ndani kwa kosa la kuikashifu serikali. Aliyeendelea kuchapa ni mkewe, Anna Catharina. Zenger aliruhusiwa kusema naye kupitia tundu la mlango wa gereza, na maagizo ya gazeti yakapita kwenye tundu hilo wiki baada ya wiki. Katika miezi yote ya kifungo gazeti lilikosa toleo moja tu. Historia imemtukuza mume. Mimi namhesabu mke kuwa mchapishaji kamili, maana ndiye aliyekuwa na wino mikononi.

Na je, wajua hukumu ilikuwaje? Agosti 1735 wakili Andrew Hamilton alitoka Philadelphia kuja kumtetea. Sheria ya siku hizo haikujali kama jambo lililoandikwa ni kweli. Kuliandika tu kulitosha kuwa kosa. Hamilton akalieleza jopo la raia 12 kwamba ukweli hauwezi kuwa kashfa. Jopo likamwachia huru. Shika kisa hiki, maana kinarudi hapa kwetu mwaka 1958 na mwisho wake si huo.

Haraka haraka, wahamiaji wengine wa kule:

Wajua kwamba gazeti la kwanza kutangaza kupitishwa kwa Azimio la Uhuru la Marekani lilikuwa la Kijerumani? Ni Pennsylvanischer Staatsbote la Philadelphia, mali ya mhamiaji Heinrich Miller, Julai 5, 1776.

Wajua kwamba gazeti kubwa la Wajerumani wa New York, New Yorker Staats-Zeitung, liliongozwa kwa miaka mingi na mwanamke? Anna Uhl alifiwa na mumewe mwaka 1852, akabaki na watoto na gazeti, akakataa kuliuza. Baadaye aliolewa na mhariri wake, Oswald Ottendorfer. Maktaba waliyoujengea mji mwaka 1884 ingalipo New York mpaka leo.

Wajua kwamba Joseph Pulitzer, ambaye tuzo ya waandishi ya Marekani ina jina lake, alikuwa Mhangaria aliyefika mwaka 1864 bila Kiingereza? Uandishi alijifunza katika gazeti la Kijerumani la St. Louis, Westliche Post. Mwaka 1885, kwa kupitia gazeti lake la New York World, alichangisha zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa wasomaji wa kawaida ili kujenga msingi wa Sanamu ya Uhuru.

Wajua kwamba mwishoni mwa karne ya 19 magazeti ya Kijerumani Marekani yalikaribia 800? Vita Kuu ndiyo iliyoyamaliza. Kuanzia Oktoba 1917 sheria iliwalazimisha wenye magazeti hayo kupeleka posta tafsiri ya kila walichoandika kuhusu serikali na vita. Wasomaji wakaogopa, watangazaji wakakimbia.

JE, WAJUA kwamba Mjerumani mhamiaji mwenye gazeti tulikuwa naye hata sisi? Willy von Roy alianzisha Deutsch-Ostafrikanische Zeitung mjini Dar es Salaam mwaka 1899. Gazeti lilikuwa la walowezi na kwa walowezi. Lililia juu ya vibarua, ardhi na kodi, na kibarua waliyemtaka sana mashambani Usambara na Tanga alikuwa Mnyamwezi, yaani babu zetu. Von Roy aligombana vibaya na gavana Albrecht von Rechenberg, aliyetawala toka 1906, kwa sababu walowezi walimwona anawaegemea Waafrika na Wahindi. Ugomvi wao uliishia mahakamani.

Linganisha huyu na Zenger. Wote wawili Wajerumani, wote wawili nje ya kwao, wote wawili walimshambulia gavana. Lakini Zenger aliandikia watu waliotawaliwa, na von Roy aliandikia watu waliotaka kutawala zaidi. Kuwa mpinzani wa serikali peke yake hakumfanyi mwenye gazeti kuwa rafiki wa wananchi. Gazeti hilo lilikufa mwaka 1916, majeshi ya Waingereza yalipoingia. Vita vile vile vilivyoyaponza magazeti ya Kijerumani Marekani.

Wajua kwamba gazeti la kwanza la Kiswahili, Msimulizi, lilitoka Unguja mwaka 1888 chini ya wamisionari wa Kiingereza wa UMCA?

Wajua kwamba kabla ya Vita Kuu Tanga ilikuwa na gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani? Lilisomwa na walimu, makarani na maakida, na vijana wa shule ndio waliofundishwa kazi ya chapa. Wenye gazeti walikuwa watawala. Lakini ufundi ulibaki mikononi mwa wenyeji, na ufundi haurudishwi kwao na meli.

Wajua kwamba mwaka 1911 Unguja ilipata gazeti la Kiarabu, Al-Najah, likiongozwa na kadhi na mshairi aliyezaliwa Oman? Ni Sheikh Nasir bin Salim al-Bahlani, anayejulikana kwa jina la Abu Muslim. Kwa washairi wa Oman mpaka leo ni mmoja wa wakubwa wao, na sehemu kubwa ya maisha yake aliiishi Unguja.

JE, WAJUA kwamba gazeti la serikali unalolinunua leo stendi ya Nzega lina babu aliyezaliwa Karachi? Mfuate huyu taratibu. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856. Alikuja Mombasa, akapata zabuni za reli ya Uganda za kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula, akatajirika. Mwaka 1902 akaanzisha African Standard mjini Mombasa, akamwajiri mhariri Mwingereza, W. H. Tiller. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza wawili. Likaitwa East African Standard, mwaka 1910 likahamia Nairobi, na huko likawa sauti ya walowezi wa Kizungu, watu wale wale waliotaka Wahindi wanyimwe ardhi ya milimani na haki sawa. Jeevanjee alikuwa ndiye Mhindi wa kwanza kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, akipigania haki hizo hizo, huku gazeti alilolizaa mwenyewe likiwa upande wa pili wa barabara. Sijui kama kuna funzo kali zaidi kwa mwenye gazeti anayefikiria kuuza.

Hadithi haikuishia hapo. Kampuni hiyo ya Nairobi ilianzisha Tanganyika Standard, Dar es Salaam, Januari 1930. Februari 1970 Mwalimu Nyerere akalitaifisha. Mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist la TANU, likawa Daily News. Ndugu yake wa Kiswahili, HabariLeo, akazaliwa mwaka 2006. Na kampuni inayoyatoa yote mawili bado inabeba jina la Standard mpaka leo.

Wajua mhariri wa kwanza baada ya kutaifishwa alikuwa nani? Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini mwenye asili ya Kihindi, mkimbizi wa ubaguzi wa rangi. Alikuwa amewahi kutoa jarida lake, Spearhead, Dar es Salaam mwaka 1961. Mwaka 1970 Mwalimu alimkabidhi gazeti la taifa. Mwaka uliofuata akaondolewa, baada ya maoni ya gazeti kuhusu mauaji yaliyofanywa na serikali ya Sudan. Mwaka 1994 akawa Spika wa Bunge la kwanza la kidemokrasia la Afrika Kusini. Nchi changa kumpa mgeni kiti cha mhariri mkuu ni jambo la imani kubwa, na ninaona fahari kwamba sisi tulifanya hivyo.

SASA tumfikie yule aliyenifanya niandike safu ya leo. Je, wajua kwamba gazeti la kwanza la Mwafrika katika Tanganyika lilianzishwa na mhamiaji kutoka Uganda?

Jina lake Erica Fiah. Muganda. Vita Kuu ya kwanza ndiyo iliyomleta huku, kama ilivyowaleta watu wengi wa Afrika Mashariki katika nchi ambazo hawakuzaliwa. Vita vilipoisha akabaki. Dar es Salaam akafungua duka. Na duka ni mahali pazuri pa kusikilizia mji: nani hana kazi, nani amefukuzwa kwenye nyumba, bei ya mchele imepanda kwa nani. Wafanyabiashara Waafrika walikuwa wachache na wanyonge, mikopo hawapewi, leseni shida. Mwaka 1934 Fiah akaunda chama cha wafanyabiashara na ustawi wa Waafrika. Kisha, Novemba 18, 1937, akatoa toleo la kwanza la Kwetu.

Wajua kulikuwa na nini cha kusoma kabla ya hapo? Kwa Mwafrika anayesoma Kiswahili, kikubwa kilikuwa Mambo Leo, jarida la mwezi la Idara ya Elimu lililoanza Januari 1923. Sitaki kulidharau. Shaaban Robert alichapa mashairi yake humo, na watu wa bara walikwenda mbali kulitafuta. Lakini mwenye nyumba alikuwa serikali. Ukiandika kuhusu kilimo bora, unakaribishwa. Ukiuliza kwa nini karani Mwafrika analipwa kidogo kuliko mwenzake Mhindi kwa kazi ile ile, mlango unafungwa. Kwetu ndilo lililoingia kupitia mlango huo: mishahara, shule, biashara, heshima ya mtu mweusi katika nchi yake.

Na je, wajua fikra zake zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwa Marcus Garvey. Hapa ndipo kisa kinapozunguka dunia nzima. Garvey alikuwa Mjamaika aliyehamia New York, na mwaka 1918 akaanzisha gazeti lake huko Harlem, Negro World. Serikali za kikoloni zililipiga marufuku sehemu nyingi, mabaharia wakalisambaza bandari kwa bandari. Mhamiaji mwenye gazeti New York akamwamsha mhamiaji mwenye duka Dar es Salaam, na wote wawili walikuwa wakisema jambo moja: Mwafrika ajitegemee, afanye biashara yake, aandike mwenyewe.

Fiah hakuwa mtu mwepesi. Aligombana na serikali, aligombana na wasomi wenzake wa Kiafrika, na wenyeji wengine walimwuliza mgeni huyu anawasemea kwa idhini ya nani. Mimi nadhani ugeni wake ndio uliompa uhuru. Mwenyeji mwenye ukoo, mwenye shamba la baba na cheo cha mjomba serikalini, alikuwa na mengi ya kupoteza. Fiah alikuwa na duka lake na kalamu yake. Akalitoa Kwetu katika miaka ya vita ya pili, karatasi ikiwa adimu na wakaguzi wakisoma kila mstari, akaendelea miaka ya 1940 yote. Mtu huyu anastahili barabara yenye jina lake Kariakoo, na kurasa mbili tatu katika vitabu vya historia vya sekondari. Kumwacha nje ni kosa letu, na linaweza kurekebishwa.

JE, WAJUA kwamba gazeti lililoisaidia TANU kabla haijawa na gazeti lake lilikuwa mali ya mtoto wa askari aliyeletwa kutoka Msumbiji? Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliwaleta askari wa Kizulu kutoka huko kuja kupigana na Abushiri. Mmoja wao alikuwa Affande Plantan, na mwanawe, Ramadhani Mashado Plantan, ndiye aliyekuja kumiliki na kuhariri Zuhra mjini Dar es Salaam. Baba wa kigeni aliletwa kuzima upinzani wa wenyeji. Mtoto akachapa habari za kudai uhuru. Kizazi kimoja tu.

Na sasa ule mwaka 1958. Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kosa lililofanana na la Zenger? Katika Sauti ya TANU, kijarida cha chama kilichoanza mwaka 1957, aliandika kwamba mabwana shauri wawili wa wilaya waliwaonea wananchi. Serikali ikamfikisha mahakamani kwa kashfa. Kama Hamilton alivyotoka Philadelphia, ndivyo wakili D. N. Pritt, aliyemtetea Kenyatta huko Kapenguria, alivyotoka London. Lakini Dar es Salaam hapakuwa na jopo la raia 12. Mwalimu akapatikana na hatia, akatozwa faini ya Sh. 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Mwaka huo huo wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Miaka 223 baada ya New York, hapa ukweli ulikuwa bado hautoshi kumwokoa mwandishi.

Wajua kwamba mkoa wetu wa Tabora ulikuwa na mtambo wake wa chapa, ambao kazi zake zilisomwa nchi nzima? Ni ule wa Kipalapala, wa Mapadre Weupe. Wenyewe waliingia kwa misafara ya miguu kutoka Bagamoyo tangu mwaka 1878, shirika lao likiwa limeanzishwa Algiers mwaka 1868 na Kardinali Lavigerie. Ndala, hapa wilayani Nzega, walifika mwaka 1896. Mwaka 1950 likaanza gazeti la Kikatoliki la Kiongozi, jina lile lile la gazeti la Tanga la enzi ya Wajerumani, na nyumbani kwake kwa mwanzo kukawa Tabora. Kabla ya intaneti, kabla ya redio kuwa ya kila nyumba, kulikuwa na gazeti la Kiswahili lililotoka bara na kushuka pwani. Kwa kawaida tumezoea kinyume chake.

Wajua kwamba mwenye gazeti anaweza kugeuka mhamiaji kwa siku moja? Henry Muoria, mwenye Mumenyereri la Kikuyu, Nairobi, alikwenda London mwaka 1952 kutafuta mtambo wa chapa. Akiwa huko hali ya hatari ikatangazwa Kenya, gazeti lake likapigwa marufuku. Hakuweza kurudi. Akafanya kazi katika treni za chini ya ardhi za London, na usiku akaendelea kuandika. Alifariki mwaka 1997.

Wajua kwamba safari sasa imegeuka? Mwaka 1995, mjini Minneapolis, Marekani, Wakenya walianzisha gazeti la Waafrika wa huko. Mchapishaji wake ni Tom Gitaa. Linaandikwa kwa Kiingereza, lakini jina lake ni la Kiswahili: Mshale. Minnesota ni mojawapo ya majimbo yaliyojaa wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 19, na magazeti yao ya Kijerumani yalichapwa huko huko kwa miaka mingi.

JE, WAJUA, mwisho kabisa, kwamba matoleo ya zamani ya Kwetu, Zuhra, Mambo Leo na Kiongozi la Tabora ni haba kuyapata, na kila moja linalosalia lina majina ya watu wa miji yetu, barua zao, misiba yao na malalamiko yao? Ukiwa Nzega mjini, Ndala, Bukene, Puge au Itobo, na babu au bibi yako alikuwa mwalimu, katekista, karani wa reli au fundi wa hospitali, fungua sanduku lake la bati kabla hujalihamisha. Ukikuta gazeti, usilifungie karanga na usilichome na takataka. Lilaze bapa ndani ya bahasha kavu, mbali na jua na mchwa, usilikunje upya, usibandike kwa gundi. Kisha lipeleke maktaba ya mkoa Tabora, au kwa Nyaraka za Taifa, au kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uandikishe jina la mzee aliyelitunza.